Seli za Ulezi: Jinsi Mbegu ya Mwanamume Inavyolelewa Ndani ya Korodani

Watu wanenapo habari za uzazi, aghalabu humsemea mwanamume kwa maneno ya mkulima. Yeye ndiye mwenye mbegu, na mke ni shamba. Mvua ikinyesha na mazao yasiote, lawama hupewa udongo. Mfano huo si wa Waswahili peke yao, lakini una kasoro moja kubwa: humfanya msikilizaji adhani kwamba mbegu ya mwanamume ni kitu kilichokwisha kamilika, kilichowekwa akiba mwilini kama mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moshi wa jiko, kikingojea siku ya kupandwa tu. Mambo sivyo yalivyo. Mbegu ya mwanamume haizaliwi ikiwa imekamilika, wala haiwezi kujikamilisha yenyewe. Hulelewa. Hulishwa, hushikwa, hulindwa, huondolewa taka zake, na siku zake zitimiapo huachiliwa iende zake. Kazi hiyo yote hufanywa na seli za namna moja, ambazo zenyewe hazizai hata mbegu moja. Wataalamu huziita seli za Sertoli; kwa Kiswahili zafaa kuitwa seli za ulezi.

Kabla ya kuendelea, yafaa maneno machache yawekwe wazi. Seli ni chembe hai, yaani ile sehemu ndogo kabisa ya mwili iliyo na uhai wake. Neno korodani limetumika hapa kwa maana ya zile tezi mbili zenyewe. Ngozi inayozichukua imeitwa mfuko wa pumbu. Mbegu ni ile seli moja moja yenye kichwa na mkia, ambayo urefu wake wote ni kama sehemu ya ishirini ya milimita. Manii ni maji yote yatokayo, na mbegu ni sehemu ndogo tu ya maji hayo. Watu wengi huyachanganya maneno haya mawili, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba mwenye manii hana budi kuwa na mbegu. Itaonekana hapa chini kwamba sivyo.

Nyumba ya mbegu

Korodani ikipasuliwa huonekana imegawanyika ndani kuwa vyumba vidogo vipatavyo 250. Katika kila chumba mna mirija myembamba iliyojikunja na kujizongazonga, toka mmoja hata minne, na upana wa kila mrija ni kama sehemu ya tano ya milimita. Mirija hiyo ya korodani zote mbili, kama ingenyoshwa na kuunganishwa, urefu wake ungekuwa mita mia kadhaa. Ndani ya kuta za mirija hii ndimo mbegu zinamofanyizwa, mchana na usiku, tangu balehe mpaka uzeeni. Mwanamume mwenye afya aweza kufanyiza mbegu zaidi ya milioni 100 kwa siku moja, kiasi cha mbegu elfu na zaidi kwa kila pigo la moyo.

Nje ya mirija, katika nafasi ndogo zilizobaki baina ya mrija na mrija, mna mishipa ya damu pamoja na seli za namna nyingine, ambazo zilielezwa na Franz Leydig wa Ujerumani mwaka 1850 na kupewa jina lake. Seli za Leydig ndizo zifanyizazo testosteroni, yaani ile homoni ya kiume iletayo ndevu, sauti nzito, misuli na hamu ya mwanamume kwa mwanamke. Msomaji na akumbuke sana mpaka huu: seli za Leydig zi nje ya mrija, na mbegu zi ndani. Mambo mengi yatakayosemwa baadaye yanategemea jambo hili.

Aliyeziona kwanza

Mbegu yenyewe ilijulikana zamani kuliko mlezi wake. Mwaka 1677 Antonie van Leeuwenhoek, muuza nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, alitazama manii kwa hadubini aliyoitengeneza kwa mikono yake, akaona vidudu vyenye mikia vikiogelea. Lakini kuona mbegu inayoogelea si kujua imetoka wapi, na karibu miaka 200 ilipita kabla ya mtu kueleza sawasawa mahali ilipokulia.

Enrico Sertoli alizaliwa mwaka 1842 katika mji wa Sondrio, kaskazini ya Italia, akasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Pavia. Mwaka 1865, akiwa kijana bado, alitangaza habari za seli za ajabu alizoziona ndani ya mirija ya korodani ya binadamu. Seli hizo zilikuwa ndefu, zimesimama juu ya ukuta wa mrija kama mti juu ya ardhi, nazo zilikuwa na matawi mengi. Na katikati ya matawi hayo zilijificha seli nyingine ndogo za mviringo. Sertoli aliziita seli zenye matawi. Baada yake wataalamu walijadiliana kwa miaka mingi. Wengine walishikilia kwamba seli hizo ndizo zinazozaa mbegu, kwa kuwa mbegu changa huonekana zimeng'ang'ania vichwani mwake kama kwamba zinachipuka humo. Wengine walisema kwamba huko ni kuegemea tu, si kuzaliwa. Mwaka 1888 Victor von Ebner alizitaja kwa jina la Sertoli, na jina hilo likashika. Sertoli mwenyewe alikuwa mwalimu katika chuo cha utabibu wa mifugo mjini Milan, akafariki mwaka 1910.

Leo mjadala huo umekwisha. Mbegu hutoka katika ukoo mwingine wa seli, ambazo hukaa chini kabisa ukutani mwa mrija. Seli hizo za asili hujigawa. Baadhi ya watoto wake hubaki pale pale ili ukoo usikatike, na wengine hushika safari ya kuelekea katikati ya mrija. Safari hiyo si ndefu kwa kipimo cha milimita, lakini huchukua siku zipatazo 74. Mwaka 1963 Carl Heller na Yves Clermont walionyesha kwamba kwa binadamu kazi hii huenda kwa mizunguko, na kila mzunguko huchukua siku 16. Katika safari hiyo seli huongezeka kwanza. Kisha hugawa urithi wake nusu kwa nusu, toka kromosomu 46 hata 23. Na mwisho hubadili umbo lake, ikapata kichwa na mkia. Toka mwanzo hata mwisho wa safari, hapana hatua moja ambayo seli ya ukoo huu iko mbali na mlezi.

Kazi za mlezi

Kazi ya kwanza ni kushika. Seli ya ulezi hutoka chini ya ukuta hata kufika uwazi ulio katikati ya mrija, na ubavuni mwake kuna mifuko na mikunjo inayofuata umbo la kila seli inayopanda. Kwa wakati mmoja mlezi huwa amewakumbatia watoto wa marika mbalimbali: wachanga chini, waliokwisha gawa urithi katikati, na wenye mikia juu. Kila rika lapanda pamoja. Tena seli za rika moja hazikutengana kabisa zilipojigawa, bali zimebaki zimeunganishwa kwa vijia vyembamba, hivyo hukua kwa mwendo mmoja.

Kazi ya pili ni kulisha. Mishipa ya damu haiingii ndani ya mrija, kwa hiyo seli zilizokwisha panda haziwezi kujichotea chakula zenyewe. Mlezi huchukua sukari itokayo katika damu, akaigeuza kuwa lakteti, nacho ndicho chakula ambacho mbegu zinazokua hukipenda kuliko sukari yenyewe. Wakemia waliitoa asidi hiyo kwanza katika maziwa yaliyoganda, ndiyo sababu jina lake limetokana na neno la Kilatini la maziwa. Hivyo, kwa sadfa tu, jina limelingana na kazi ya mnyonyeshaji. Madini ya chuma nayo hayapiti peke yake. Mlezi hufanyiza protini ya kuyachukua, akayapitisha toka upande wa damu hata upande wa mbegu.

Kazi ya tatu ni kulinda mlango, na hii ndiyo iliyowashangaza wataalamu zaidi. Tangu mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa imeonekana kwamba rangi zikitiwa katika damu ya mnyama hupenya karibu mwili wote, lakini haziingii ndani ya mirija ya korodani. Mwaka 1970 Martin Dym na Don Fawcett wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwa hadubini ya elektroni kizuizi hicho kilipo. Si ukuta wa mrija wenyewe, bali ni mahali ambapo seli za ulezi zilizo jirani zimekazana ubavu kwa ubavu, zikafungamana hata maji na protini za damu zisipate njia. Fawcett huyu, baada ya kustaafu Harvard, alifanya kazi mjini Nairobi katika miaka ya mwanzo ya 1980, katika maabara ya kimataifa ya uchunguzi wa maradhi ya mifugo.

Kwa sababu gani mbegu zifichwe na damu ya mwenyewe? Jibu liko katika umri. Kinga ya mwili hujifunza tangu utotoni kutambua kilicho chake na kilicho cha mgeni. Mbegu, hata hivyo, hazionekani mpaka balehe, na urithi ulio ndani yake umechanganywa upya na kugawanywa. Askari wa kinga hawakupata kuziona walipokuwa wanafunzwa, kwa hiyo wakizikuta huziona kuwa adui. Kizuizi kikivunjika, kwa mfano kwa jeraha, mwili waweza kufanyiza silaha dhidi ya mbegu zake wenyewe.

Hapo yatokea swali gumu: ikiwa mlango umefungwa, mbegu changa zilizo chini hupandaje? Nyumba ya mawe ya pwani yaweza kulifafanua jambo hili. Mgeni huingia dakani kwanza. Na nyumba ikiwa na mlango wa nje na mlango wa ndani, mwenye nyumba mwangalifu hufunga ule wa nyuma ya mgeni kabla ya kuufungua ulio mbele yake, ili wa barabarani wasipate kuona ya ndani. Ndivyo afanyavyo mlezi. Seli ipandapo, mafungamano mapya hujengwa chini yake, na hayo yakiisha kukaza ndipo yale ya juu yake hufunguka. Hivyo seli huvuka, na nyumba haikai wazi hata kwa dakika moja.

Kazi ya nne ni usafi. Si kila seli ianzayo safari huimaliza. Sehemu kubwa hufa njiani, na nyingine zina kasoro katika urithi wake. Mlezi huzimeza na kuziyeyusha. Hata mbegu iliyofaulu huacha taka, kwa maana ili iwe nyepesi ya kuogelea hujivua sehemu kubwa ya mwili wake, ikabaki kichwa chenye urithi, mtambo wa nguvu na mkia. Kile kilichovuliwa hubaki mkononi mwa mlezi, naye hukila.

Kazi ya tano ni kuaga. Mlezi hufanyiza maji yajazayo uwazi wa mrija, kisha hulegeza mshiko wake, na mbegu ikachukuliwa na maji hayo. Wakati huo mbegu ina mkia lakini haijui kuogelea. Ujuzi huo huupata mbele, katika mfereji mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, ambamo hukaa siku kadhaa kabla ya kuwa tayari.

Amri zimfikiazo mlezi

Mlezi hafanyi kazi kwa hiari yake tu. Chini ya ubongo pana tezi ndogo iliyo kama punje ya kunde, nayo hupeleka homoni mbili kwa njia ya damu. Moja huziamrisha seli za Leydig zifanyize testosteroni. Ya pili huenda kwa mlezi moja kwa moja. Testosteroni nayo hupenya ndani ya mrija na kumfikia mlezi huyo huyo. Jambo la kuangaliwa ni hili: mbegu zenyewe hazina masikio ya kuzisikia homoni hizi. Mlezi ndiye asikiaye kwa niaba yao. Mwaka 2004 watafiti wa Leuven katika Ubelgiji walitangaza habari za panya ambao seli zao za ulezi peke yake zilinyimwa uwezo wa kupokea testosteroni. Testosteroni ilikuwamo mwilini mwao, lakini seli za mbegu zilikwama katika kugawa urithi, na panya hao hawakuweza kuzaa.

Mlezi naye hujibu. Hutoa homoni iitwayo inhibini, jina lililobuniwa mwaka 1932, ambayo huenda hadi tezi ya chini ya ubongo kuijulisha kwamba kazi yaendelea na amri zipunguzwe. Walezi wakidhoofika, jibu hilo hupungua, na tezi huzidi kupaza sauti. Kwa hiyo daktari aweza kupima homoni hizo katika damu, akapata fununu ya hali ya walezi bila ya kuikata korodani.

Hapa ndipo kosa moja la siku hizi linapofahamika. Wako vijana wajidungao testosteroni ili wapate misuli, wakidhani kwamba wanaongeza uanaume. Ubongo uonapo homoni imejaa katika damu, hunyamaza, usipeleke amri yo yote. Seli za Leydig huacha kazi, na testosteroni iliyo ndani ya korodani, ambayo kwa kawaida huwa nyingi mara nyingi kuliko ile ya damu, hushuka sana. Mwili wanenepa kwa nje, na mlezi akosa amri kwa ndani. Mbegu hupungua, na pengine hukoma kabisa. Wengi hurudiwa na mbegu baada ya kuacha, lakini huchukua miezi mingi, na wengine hukawia zaidi.

Mtoto umleavyo

Methali yasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Yatamkinika kuuliza kama methali hii ni kweli hata kwa mbegu. Mwaka 1994 Ralph Brinster na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Marekani, walionyesha kwamba seli za asili za mbegu zaweza kutolewa katika panya mmoja na kutiwa katika mirija ya mwingine asiye na mbegu zake mwenyewe. Walezi waliokuwa wakikaa bure waliwapokea wageni, na mbegu zikapatikana. Mwaka 1996 walivuka mpaka wa jinsi ya mnyama: seli za asili za panya mkubwa zilitiwa katika korodani za panya mdogo wa nyumbani, nazo zikalelewa humo na walezi wa panya mdogo hata zikawa mbegu kamili zenye umbo la mbegu za panya mkubwa.

Swali lililobaki lilikuwa la mwendo. Mzunguko wa mbegu za panya mdogo huchukua kiasi cha siku 9, na wa panya mkubwa kiasi cha siku 13. Mtoto wa kambo angefuata saa ya nani? Mwaka 1998 jibu lilitolewa: alifuata saa ya ukoo wake, siku 13, ingawa mlezi alikuwa wa siku 9, na mlezi huyo huyo aliwalea wanawe kwa mwendo wao na wageni kwa mwendo wao. Basi methali hii yahitaji mwenzake, ile isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Mlezi hampi mbegu asili yake. Humpa nafasi ya kuifikia. Lakini bila ya nafasi hiyo asili haina faida, kwa kuwa seli ya ukoo wa mbegu iliyokosa mlezi haifiki po pote.

Hesabu iliyofanywa utotoni

Kila mlezi ana kikomo cha watoto awezao kuwashika. Kwa hiyo wingi wa mbegu za mwanamume hutegemea wingi wa walezi alio nao, na wingi huo haupatikani ukubwani. Seli za ulezi ni za kwanza kabisa kujipanga katika korodani ya mtoto aliye tumboni, karibu na juma la saba la mimba. Huamshwa na agizo lililomo katika kromosomu Y, ambalo lilitambuliwa mjini London mwaka 1990. Zikiamka, hutoa homoni ya kuziyeyusha zile njia ambazo kwa mtoto wa kike zingekuwa tumbo la uzazi. Jambo ambalo Alfred Jost wa Paris alilionyesha kwa majaribio ya sungura mwaka 1947. Hivyo, kabla ya kuwa mlezi wa mbegu, seli hii ni mmoja wa wajenzi wa mwanamume mwenyewe.

Baada ya hapo seli za ulezi huongezeka tumboni na katika miezi ya uchanga, na tena karibu na balehe. Balehe ifikapo huacha kujigawa, hukomaa, hufunga ule mlango ulioelezwa hapo juu, na kazi ya mbegu ikaanza. Tangu hapo, kwa kawaida, hesabu yake haiongezeki. Mwaka 1988 Joanne Orth na wenzake walionyesha jambo hili kwa panya: walipozuia kuongezeka kwa seli hizi siku za kuzaliwa, panya hao walipokua walikuwa na korodani ndogo na mbegu chache, ingawa kila mlezi aliyebaki alifanya kazi yake.

Maana ya hayo kwa wazazi ni nzito. Ziko korodani ambazo hazishuki katika mfuko wa pumbu mtoto azaliwapo, bali hubaki tumboni au kinenani. Mfuko huo uko nje ya mwili kwa sababu maalum: humo joto ni pungufu ya joto la mwili kwa digrii 2 hadi 4, na kazi ya mbegu yahitaji ubaridi huo. Korodani iliyobaki juu huharibika kidogo kidogo miaka mingi kabla ya mtoto kufikiri habari za ndoa. Madaktari hushauri kwamba ikiwa haijashuka yenyewe katika miezi sita ya kwanza, ishushwe kwa upasuaji mdogo kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Mama amwogeshaye mwanawe kila siku ndiye awezaye kuliona jambo hilo mapema kuliko mtu ye yote.

Tasa, mgumba na hanithi

Mwaka 1947, mjini Buenos Aires, madaktari watatu wa Argentina, del Castillo, Trabucco na de la Balze, walieleza hali ya wanaume ambao mirija yao ilikuwa na seli za ulezi peke yake. Walezi walikuwa wamesimama mahali pao, na mikononi mwao hamkuwa na hata mtoto mmoja. Wanaume hao hawakuwa na dalili ya nje ya upungufu. Ndevu zao, sauti zao na nguvu zao za ndoa zilikuwa sawa na za wanaume wengine. Manii yao yalitoka kama kawaida, ila ndani yake hamkuwa na mbegu.

Msomaji akiukumbuka ule mpaka wa nje na ndani ya mrija hatashangaa. Uanaume uonekanao hutokana na seli za Leydig, zilizo nje. Uzazi hutokana na ukoo wa mbegu na walezi wake, walio ndani. Jirani mmoja aweza kuwa mzima na mwingine mgonjwa. Kwa hiyo ndevu si shahidi wa mbegu, wala nguvu ya kitandani si shahidi.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo, yakitumiwa kwa uangalifu, yanatosha kulieleza jambo hili. Hanithi ni mwanamume asiyeweza tendo la ndoa. Mgumba ni mtu asiyepata mtoto, awe mume au mke. Tasa nalo lina maana iliyo karibu na hiyo, ila katika mazungumzo ya kila siku limezoea kutupiwa mwanamke. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mwanamume asiye hanithi hawezi kuwa mgumba. Na kwa kuwa hawezi kuwa mgumba, basi tasa ni mkewe. Kwa hoja hiyo fupi wanawake wengi wamerudishwa kwao, au wameletewa wake wenza, pasipo mume kupimwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja katika kila sita hupatwa na shida ya kukosa uzazi wakati fulani wa maisha yake. Na madaktari wakichunguza wenzi wa namna hiyo, katika karibu nusu yao huona kasoro kwa upande wa mume, peke yake au pamoja na ya mke.

Kipimo cha mume ni chepesi kuliko vipimo vingi vya mke: manii hutazamwa kwa hadubini na mbegu zikahesabiwa. Matokeo yakiwa mabaya mara ya kwanza, yafaa kipimo kirudiwe baada ya miezi kama mitatu, na msomaji sasa aifahamu sababu. Mbegu zinazohesabiwa leo zilianza safari yake siku 74 zilizopita na zaidi. Homa kali ya mwezi uliopita yaweza kuonekana katika hesabu ya leo, na afya ya leo haitaonekana ila katika hesabu ya mwezi wa tatu. Hata hali ile iliyoelezwa Buenos Aires si lazima iwe mwisho wa tumaini. Mara nyingine, katika korodani iliyodhaniwa kuwa tupu, daktari mpasuaji hukuta mirija michache ambamo walezi bado wana watoto; na tangu mwaka 1992, ilipotangazwa mjini Brussels njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai moja, mbegu chache za namna hiyo zaweza kutosha.

Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Waliyasema hayo kwa ajili ya watoto waliokwisha zaliwa, nao hawakuwa na hadubini. Lakini neno lao latimia hata mahali ambapo mtoto hajawa mtoto bado, na ambapo mlezi hatapata kamwe kuitwa mzazi. Mume na mke wakae pamoja mbele ya daktari, wapimwe wote wawili, na lawama ingoje mpaka majibu yatoke.